Taka za Mto ni za Nani?

Katika historia za miji yetu zilizokwisha andikwa, msomaji atakuta mengi juu ya magavana, bandari, reli na mikutano ya kudai uhuru. Juu ya taka atasoma kidogo, na juu ya nani alilipa gharama za kuzizoa atasoma kidogo zaidi. Labda waandishi wameona haya kuligusa jambo lenye harufu. Mimi naona ni hasara, kwa sababu namna watu wa mji mmoja wanavyogawana mzigo ambao hakuna anayeutaka hutuonyesha mengi juu yao kuliko namna wanavyogawana faida. Tena ugomvi juu ya fedha za kusafisha fukwe za Dar es Salaam, ambao kila masika tunausikia upya kana kwamba umezuka jana, una umri mkubwa kuliko wengi wa wale wanaougombana.

Tuanze na mto wenyewe. Msimbazi si mto mkubwa. Unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unatembea kama kilomita 35 tu, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, unapokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza, kisha unamwaga maji yake baharini pale penye mikoko, kwenye Daraja la Salander. Wakati wa kiangazi mtoto anaweza kuuvuka sehemu nyingi bila kulowa magoti. Mvua za masika zikija, kijito hicho hujaa bonde zima, na kila kilichotupwa kando yake tangu Desemba hubebwa kwa siku mbili tatu: chupa za plastiki, kandambili za mguu mmoja mmoja, magodoro, matawi, vifuu vya nazi, nepi za watoto. Nyingine hunasa kwenye mizizi ya mikoko. Zilizobaki hutoka baharini, na kwa kuwa mkondo wa bahari katika mwambao wetu huelekea kaskazini, na upepo wa kusi nao huanza kuvuma majira hayo hayo, nyingi huishia Oysterbay, kwenye ufukwe ambao watu wote wanauita Coco Beach. Kwa hiyo taka ya mtu wa bondeni hupumzika mbele ya nyumba ya mtu wa pwani, na mtu wa pwani huuliza: ya nani hii?

Swali hilo halikuzuliwa na bahari. Lilizuliwa na mchoro wa mji. Wajerumani, kwa kanuni zao za ujenzi za mwaka 1891, waliugawa mji kwa aina za nyumba, na kwa aina za nyumba wakawa wameugawa kwa rangi za watu. Waingereza walipouchukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliuendeleza mgawanyo huo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kati yao kwa kisingizio cha afya. Mwaka 1929 likafunguliwa daraja mdomoni mwa Msimbazi, likapewa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika chini ya Waingereza, na maofisa wakaweza kuvuka na kujenga Oysterbay, penye upepo mzuri. Huduma za kuzoa taka zilifuata mchoro huo huo. Penye barabara na nyumba za mawe, gari la taka lilipita. Penye udongo na makuti, mtu alichimba shimo. Sisemi kwamba shimo lilikuwa jambo baya. Wakati ule taka za Mswahili zilikuwa maganda, majivu na mifupa, na ardhi ilizila zote bila kudai ushuru. Ila desturi iliyojengeka ni hii: kwamba usafi ni huduma ya upande mmoja wa mto, na upande mwingine ujitegemee.

Uhuru ulikuja mwaka 1961 na Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji mwezi ule ule wa Desemba. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imempata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wengi wetu tunamkumbuka zaidi kwa ushairi wake. Hesabu ya watu ya 1967 ilikuta wakazi wapatao 272,000. Mji wa kiasi hicho ungeweza kusafishwa. Lakini mwaka 1974 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, pamoja na zile za miji mingine, ili madaraka yapelekwe mikoani, na kwa miaka minne mji haukuwa na chombo chake chenyewe wala mfuko wake wenyewe. Fedha zilitoka Hazina, na Hazina ilikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Kipindupindu cha 1977 na 1978 ndicho kilichowakumbusha wakubwa kwamba mji hauendeshwi kama mkoa. Sheria ya 1978 ikazirudisha halmashauri za miji, lakini magari yalikuwa mabovu, vipuri havipatikani, kodi ya majengo haikusanywi, na watu walikuwa wameongezeka maradufu. Ndugu msomaji, ukitaka kujua siku taka za Dar es Salaam zilipoanza kuhamia mtoni kwa wingi, usitafute siku moja. Tafuta miaka hiyo minne, na ile kumi iliyofuata.

Sehemu inayokuja ndiyo naiona nzuri kuliko zote katika historia hii, maana watu wa kawaida waliingia mahakamani. Jiji lilikuwa likimwaga taka Tabata, katikati ya makazi. Moshi, nzi na uvundo viliwashinda wakazi, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, na wakashinda: Jiji likaamriwa liache. Jiji halikuacha. Lilirudi kortini kuomba muda, likapewa, likaomba tena. Hatimaye mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kusimama mbele ya mahakama na kuomba ruhusa ya kuwachafulia watu hewa. Na akasema, kwa maana yake, kwamba haki ya kuishi aliyopewa kila mtu na Katiba ya nchi haipatani na jambo hilo. Wanasheria bado wanaisoma hukumu hiyo. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Watu wa Kunduchi Mtongani nao wakafungua kesi mwaka huo huo wa 1991, nao wakashinda.

Tazama basi kilichotokea baada ya ushindi huo wa mara mbili. Taka hazikupungua hata kilo moja. Zilihitaji mahali, na mahali palipopatikana palikuwa Vingunguti, ukingoni mwa Msimbazi, kwa watu ambao hawakuwa wamekwenda mahakamani. Mimi siwalaumu watu wa Tabata wala wa Kunduchi. Ningekuwa mmoja wao ningechangia nauli ya wakili. Lakini nasema kwamba haki iliyopatikana kwa mtaa mmoja mmoja iliusukuma mzigo kutoka mikononi mwa wenye sauti hadi kwa wasio nayo, na kutoka hapo mvua ikaufikisha baharini. Dampo la Vingunguti lilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya malalamiko ya wakazi wake, na sasa taka za jiji hupelekwa Pugu Kinyamwezi, juu kabisa, si mbali na yanakotoka maji ya mto.

Mwaka 1994 mji wa katikati ulikabidhiwa kwa kampuni binafsi, na pole pole mtindo huo ukaenea: mkandarasi anazoa, mwenye nyumba analipa ada. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, safari hii ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Bwana Charles Keenja, na watu wanaokumbuka miaka ile watakubali kwamba mitaa ilisafishika. Tume ilipomaliza kazi mwaka 2000, jiji liligawanywa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni, na mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu yao ikaondolewa na Ilala yenyewe ikawa ndiyo Jiji.

Katika mgawanyo huo mto ulitumika kama mpaka. Ni jambo la kawaida. Wachora ramani hupenda mito kwa sababu haihitaji vigingi. Lakini mto ukiwa mpaka wa hesabu za fedha hugeuka kuwa shamba lisilo na mwenyewe. Anayetupa akiwa ng'ambo moja ametupa mpakani. Taka zikielea katikati haziko kwenye bajeti ya yeyote. Zikifika ufukweni zinakuwa za manispaa yenye ufukwe, ingawa hazikuzaliwa humo. Na ada ya taka, ambayo ndiyo iliyotakiwa kulipia haya yote, hukusanywa mtaa kwa mtaa, na hukusanywa vizuri pale lori linapofika. Nenda bondeni, penye vichochoro vya upana wa mabega: lori haliingii, mkandarasi haonekani, na wakazi huisubiri mvua kubwa. Mto ndio lori lao, nalo halidai risiti.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2018 nilihudhuria mkutano wa mtaa mmoja wa pwani ulioitishwa kutafuta fedha za kusafisha ufukwe. Walialikwa watu wachache kutoka bondeni, nadhani kwa heshima tu. Mazungumzo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Mmoja alisema kwamba taka zimetoka juu, basi wa juu wachange. Mwingine, mwenye baa karibu na bahari, akasema kuwa yeye hulipa ushuru wa kila aina na hakumbuki kutupa godoro mtoni. Ofisa mmoja, ambaye sitamtaja wala kuitaja ofisi yake, akaeleza kwa utaratibu mzuri kwamba fungu la fukwe lipo ila halihusu taka zilizotoka nje ya eneo la utawala. Nilimwonea huruma, maana alikuwa akisema kweli.

Kisha akasimama mama wa makamo aliyevaa kanga. "Mheshimiwa Mwenyekiti, na nyinyi wazee wangu," akasema, "nawapa pole. Taka zimewafikia. Lakini sisi maji yametufikia. Mimi nimelala juu ya kabati siku mbili na wajukuu. Zile taka mnazozisema za kwetu, nusu yake sisi zimetukuta zikitoka juu zaidi. Mkisema anayepelekewa asilipe, sawa. Basi na sisi tumdai nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti alimshukuru na kuendelea na ajenda. Lakini mimi maneno yale niliondoka nayo, kwa sababu yalionyesha kasoro ya hesabu yetu. Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba mto una watu wawili, anayetupa na anayepokea. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu aliye kando ya mto ni wote wawili: anapokea kutoka juu na kusukuma chini. Yule mama hakuwa mkosaji aliyekuja kuomba msamaha. Alikuwa mdai mwenzetu.

Nikaanza kusoma jinsi wengine walivyogawana. Kisa kilichonishika ni cha mto Rhine. Migodi ya chumvi ya potasi ya Alsace, Ufaransa, ilikuwa ikimwaga chumvi nyingi mtoni, na Waholanzi walio mdomoni mwa mto, wenye bustani za mboga na maua, wakaona mimea yao inaharibika. Mwaka 1976 mkulima mmoja wa bustani alifika hadi kwenye mahakama ya Jumuiya ya Ulaya kule Luxembourg, nayo ikaamua kwamba mtu aliyeathiriwa anaweza kushtaki ama mahali madhara yalipotokea ama mahali yalipoanzia. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini siku chache baadaye, Desemba ya mwaka huo huo, serikali za nchi tano zilitia sahihi mkataba mjini Bonn juu ya kugharamia upunguzaji wa chumvi hiyo. Ufaransa, yenye migodi, ilitakiwa kulipa asilimia 30. Ujerumani 30. Uswisi 6. Na Uholanzi, iliyokuwa ikidhurika, ikakubali asilimia 34, fungu kubwa kuliko yote.

Niliposoma mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya Waholanzi. Mtu anakumwagia chumvi bustanini, halafu unamlipa ili aache! Nilipotafakari zaidi niliona kwamba hawakuwa wajinga. Walijua kwamba anayeumia zaidi ndiye mwenye haraka zaidi, na kwamba kusubiri hadi mkosaji aone haya ni gharama ambayo haiandikwi kwenye mkataba. Hata hivyo Ufaransa iliuchelewesha mkataba huo hadi 1985 ndipo ukaanza kutumika. Kwa hiyo hata mwenye kulipa sehemu kubwa hakupewa alichonunua kwa wakati.

Kisa cha pili ni cha Marekani. Mto Los Angeles hupita katikati ya miji mingi na kuingia baharini penye mji wa Long Beach, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukizoa ufukweni mwake, kila baada ya mvua, taka za miji iliyo juu yake. Mwaka 2001 mamlaka ya maji ya eneo hilo iliweka kanuni kwamba taka ziingiazo mtoni zipunguzwe hatua kwa hatua hadi zisiwepo kabisa. Miji kadhaa ya juu ikakimbilia mahakamani kupinga, kama ilivyotarajiwa. Lakini kufikia 2009 miji 16 iliyo juu ya Long Beach ilipata dola milioni 10 za serikali ya shirikisho, ikatia vizuizi vya chuma katika maelfu ya matundu ya mifereji ya barabarani ili taka zisiingie mtoni. Na mwaka 2018 wapiga kura wa wilaya nzima ya Los Angeles walikubali kujitoza kodi kwa ajili ya maji ya mvua, senti mbili na nusu kwa kila futi ya mraba ya ardhi iliyosakafiwa. Nimeipenda kodi hiyo kwa sababu haiulizi nani alitupa chupa. Inauliza: una sakafu kiasi gani inayoyakimbiza maji kwa jirani?

Hapa kwetu hatujafika huko, ingawa yapo yaliyofanyika na si haki kuyapuuza. Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alifuta gwaride la Uhuru akaifanya sikukuu hiyo siku ya usafi, akaonekana mwenyewe akizoa taka karibu na Ikulu na soko la samaki la Magogoni. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya kufagia. Vifuko vya pombe tulivyoviita viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, na yeyote anayetembea ufukweni ataungama kwamba vitu hivyo viwili vimepungua sana. Chupa hazijapungua. Siku ya kufagia nayo ina kasoro yake: inazoa kilichofika, na hutegemea moyo wa mtu, nao moyo una misimu kama upepo.

Katika mtaa ule wa pwani, tulikuwa wachache, tulijaribu jambo dogo. Badala ya kununua reki na glovu za ufukweni tulichanga kila mwezi tukamlipa kijana wa mkokoteni bondeni, katika mtaa wa yule mama, azoe taka nyumba kwa nyumba na kuzipeleka penye lori. Wa bondeni walichanga kidogo, sisi zaidi. Niliwaeleza wenzangu habari za Waholanzi na asilimia 34 zao. Wengine walicheka, ila walitoa. Mkokoteni ulifanya kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kilichouangusha hakikuwa wizi, kama nilivyoogopa. Kilikuwa swali ambalo lilirudi kila mwisho wa mwezi kutoka kwa mmoja au mwingine wetu: kwani tunalipia taka za watu mpaka lini? Sikuwa na tarehe ya kuwapa.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, kupanua mto, kujenga daraja jipya Jangwani na kuwaondoa watu katika sehemu zinazofurika. Mkopo, maana yake, utalipwa na Watanzania wote, pamoja na wa Sumbawanga ambao hawajawahi kuuona mto huu. Huo nao ni mgawanyo wa gharama, na huenda ndio mpana kuliko wote tuliopata kuwa nao. Fidia zikalipwa, nyumba zikabomolewa. Yule mama alikuwa miongoni mwa waliohama. Amenunua kiwanja upande wa Gongo la Mboto, hatua chache kutoka kwenye mto ule ule, juu yetu sote sasa. Nilimpigia simu Idi iliyopita kumjulia hali. Wajukuu hawajambo, alisema, na nyumba ni kavu. Lori la taka bado halijaanza kufika kwao.